Kufika si kukaa: spora za kangaga kwenye njia ya Tabora

Anayetoka Tabora mjini mwezi wa Agosti kuelekea Kwihara, Sikonge au Urambo hatarajii kukutana na kangaga. Nyasi zimeungua, miombo imepukutisha majani, na mvua ya mwisho ilinyesha miezi mitatu au minne iliyopita. Kwa Watanzania wengi kangaga ni mmea wa Usambara na Uluguru, wa mabonde yenye ukungu na vijito visivyokauka. Hata hivyo magharibi nako makangaga yapo: kwenye nyufa za miamba ya matale, kwenye madimbwi ya mbuga masika yanapojaa, katikati ya mafunjo ya Malagarasi, na juu ya mashina ya michikichi ukishateremka Kigoma.

Yalifikaje huko? Na kwa nini yako pale tu, ilhali hatua kumi mbele hakuna hata moja? Maswali haya hujibiwa kwa pamoja mara nyingi, kana kwamba mmea ulipo ndipo mbegu yake ilipofika. Kwa kangaga jibu hilo halitoshi. Mmea huu una chombo cha kurushia ambacho wahandisi wameanza kukielewa vizuri juzi tu, na chembe inayoweza kuvuka nusu ya nchi bila kubebwa na mtu. Kinachoamua liote wapi ni siku zinazofuata baada ya chembe kutua. Hoja ya makala haya ndiyo hiyo: katika nchi kama Unyamwezi, tatizo la kangaga si usafiri, ni makazi.

Chini ya jani

Kangaga halichanui maua wala halitoi mbegu. Geuza jani lililokomaa utazame upande wa chini. Utakuta madoa ya kahawia, ama yamepangwa mistari kando ya mshipa, ama yamefuata ukingo wa jani kama ilivyo kwa makangaga mengi ya nchi kavu. Wapo wanaodhani ni ugonjwa au mayai ya wadudu, wakalichuma jani na kulitupa. Kila doa ni fungu la vifuko vidogo mno, kila kimoja kikiwa juu ya kikonyo chake, na ndani ya kila kifuko mna spora, kwa kawaida 64.

Juu ya kifuko umepita mgongo wa seli 12 au 13 zilizofuatana mstari mmoja. Unaanzia karibu na kikonyo, unapanda, unazunguka kichwa cha kifuko na kushuka upande wa pili. Seli hizo zina kuta nene upande wa ndani na pale zinapopakana, lakini ukuta wa nje ni mwembamba. Ndani yake mmejaa maji.

Jua likipanda na hewa ikikauka, maji hayo huanza kutoka kwa mvuke kupitia ukuta mwembamba. Maji hayaachani na kuta kirahisi, hivyo kadiri yanavyopungua ndivyo yanavyouvuta ukuta wa nje kuingia ndani. Seli zote zikinywea upande mmoja kwa wakati mmoja, mgongo hauna budi kujinyoosha, kisha kujikunja kinyume. Kifuko hupasuka mahali palipo dhaifu, na sehemu yake ya juu hurudi nyuma polepole ikiwa imeshika spora. Kwa hatua hii maji yaliyobaki ndani ya seli yamevutwa kwa nguvu ya takriban mara 90 ya mgandamizo wa kawaida wa hewa. Halafu yanakatika. Viputo vya mvuke hutokea ghafla ndani ya seli, mvuto unakwisha, na mgongo unajifyatua kurudi ulikotoka. Spora zinatupwa kwa kasi inayofikia mita 10 kwa sekunde.

Hii ni manati, ila ni manati yenye fumbo. Kama mgongo ungejifyatua moja kwa moja hadi mwisho, ungekifunga kifuko spora zikiwa bado ndani, na kazi yote ingekuwa bure. Lazima kitu kiusimamishe katikati ya njia, nao hauna kizuizi chochote kinachoonekana. Jibu lilitolewa mwaka 2012 katika jarida la Science na kundi la watafiti lililoongozwa na Xavier Noblin, aliyefanya kazi Nice nchini Ufaransa. Waliupiga picha mgongo huo kwa kamera za kasi kubwa wakagundua kwamba unarudi kwa mwendo wa aina mbili. Sehemu ya kwanza, kama theluthi ya safari, humalizika ndani ya makumi ya sehemu za milioni za sekunde, na hapo ndipo spora zinaporuka. Sehemu iliyobaki huenda taratibu, mara elfu kadhaa zaidi ya hapo, kwa sababu maji yaliyomo ndani ya kuta za seli hayana budi kupenya kwenye vitundu vyembamba mno ili mgongo upate umbo lake la awali. Maji ndiyo yanayovuta, na maji hayohayo ndiyo breki.

Asiyekuwa na kamera ya aina hiyo anaweza kuona matokeo nyumbani. Chukua jani lenye madoa yaliyokomaa, lilaze juu ya karatasi nyeupe madoa yakitazama chini, uliache kwenye chumba kisicho na upepo. Kesho yake ukiliinua utakuta unga wa rangi ya kutu umechora umbo la jani kwenye karatasi. Ukiwa na lenzi ya kukuzia, weka kipande cha jani karibu na taa yenye joto uangalie: vifuko vitaanza kutikisika kimoja kimoja, kila kimoja kwa wakati wake.

Mtambo huu hauhitaji nguvu yoyote ya mmea wakati wa kurusha. Kifuko kikishakomaa, kinaendeshwa na ukavu wa hewa peke yake. Asubuhi ya masika yenye umande hufunga, na jua la saa nne hufungua. Tabora, ambako mvua huanza Novemba na kukoma Aprili, makangaga ya miambani hukomaza majani yake wakati wa mvua na kukutana na hewa kavu mvua zinapokoma. Ikiwa hoja ni kurusha tu, Unyamwezi ni mahali pazuri kuliko msitu wa mlimani ambako hewa hushinda na unyevu.

Sentimita mbili za kwanza

Kasi ya mita 10 kwa sekunde inatisha mpaka ukumbuke udogo wa kinachorushwa. Spora ya kawaida ina upana wa sehemu 30 hadi 50 za elfu ya milimita. Kwa chembe ndogo hivyo hewa ni nzito: inasimamishwa baada ya sentimita moja au mbili. Manati haikuundwa ili kuipeleka mbali. Kazi yake ni kuitoa kwenye tabaka jembamba la hewa tuli linalolizunguka jani, na kuikabidhi kwa upepo.

Baada ya hapo kinachohesabiwa ni muda wa kuanguka. Spora ya sehemu 30 za elfu ya milimita hushuka kwa kasi ya sentimita 2.7 hivi kwa sekunde katika hewa iliyotulia. Kutoka kwenye jani lililo nusu mita juu ya ardhi itachukua sekunde 18 au 19 kufika chini. Upepo wa mita 3 kwa sekunde ukivuma muda wote huo, itatua kama mita 55 kutoka kwa mama yake. Huo ndio umbali wa spora yenye bahati ya wastani. Nyingi hazifiki hata hapo, kwa kuwa upepo ulio karibu na ardhi hupunguzwa na nyasi, na nyingi huangukia mita chache tu kutoka zilikotoka.

Lakini zile chache zinazokamatwa na hewa inayopanda ndizo zinazochora ramani. Adhuhuri ya Septemba Tabora, ardhi iliyoungua hupashwa moto, hewa hupaa, na visulisuli vya vumbi huzunguka mashambani. Chembe iliyonyanyuliwa juu kilomita moja au mbili haiko tena kwenye hesabu ya mita 55. Miezi ya kiangazi upepo wa jumla huvuma kutoka kusini-mashariki, yaani kutoka upande wa pwani kuelekea bara. Kutoka milima ya Uluguru hadi Tabora ni kama kilomita 570 kwa mstari ulionyooka. Upepo wa mita 5 kwa sekunde unaumaliza umbali huo kwa siku moja na theluthi.

Kwa muda huo spora iliyoachwa ishuke bila kunyanyuliwa tena ingekuwa imeteremka kama kilomita 3. Kwa hiyo zinazofika ni zile tu zinazopandishwa mchana wa kwanza na kupandishwa tena mchana wa pili. Ni chache mno katika mamilioni, na baadhi yake huuawa na miale ya jua huko juu. Ila kangaga moja lenye afya hutoa spora kwa mamilioni kila msimu, mwaka baada ya mwaka, na hesabu ya uchache inabadilika inapozidishwa kwa karne.

Ushahidi kwamba hesabu hii si nadharia tupu uko Indonesia. Mwaka 1883 volkano ya Krakatau ililipuka na kukifunika kisiwa kwa majivu ya moto. Mtaalamu wa mimea Melchior Treub alipokwenda mwaka 1886, miaka mitatu tu baadaye, alikuta aina 11 za kangaga, na ndizo zilizokuwa zimetawala sehemu za ndani za kisiwa. Bahari haikuwa kizuizi. Majivu mabichi yaliyonyeshewa mvua nyingi ya kitropiki yalikuwa makazi ya kutosha, na mvua hiyo ndiyo Tabora inayoikosa kwa nusu ya mwaka.

Upepo na msafara

Njia ya kati kutoka Bagamoyo kupitia Ugogo hadi Tabora na Ujiji inafaa kulinganishwa na upepo kwa sababu nayo ilisafirisha mimea, na kwa sababu muda wake unajulikana. Wasafiri Burton na Speke waliondoka Kaole mwishoni mwa Juni 1857 wakaingia Kazeh, yaani Tabora, tarehe 7 Novemba. Burton alihesabu siku 134. Safari ambayo upepo unaweza kuimaliza kwa siku chache, wapagazi waliifanya kwa zaidi ya miezi minne.

Mwendo huo uliamua ni mimea gani ingepita. Mwembe ndio mfano ulio wazi. Miembe mikubwa iliyosimama kwenye vituo vya zamani, Ujiji na Tabora vikiwamo, huhesabiwa leo miongoni mwa alama za njia hiyo ya pembe na watumwa, ambayo Tanzania iliiweka kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia mwaka 2006. Lakini kokwa la embe halivumilii kukauka. Likikaa juani hufa ndani ya wiki chache. Kokwa lililotiwa kwenye mzigo Bagamoyo lisingefika Kazeh likiwa hai kwa safari ya siku 134. Inaelekea basi kwamba mwembe ulipanda bara kwa vituo: ulipandwa mahali, ukazaa baada ya miaka, makokwa yake yakabebwa hadi kituo kilichofuata. Ni mwendo wa vizazi. Reli ya kati ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, kizuizi hicho kiliondoka, kwani kokwa bichi lingeweza kutoka pwani na kupandwa Unyamwezi ndani ya wiki hiyohiyo.

Kishonanguo kilipita kwa mbinu nyingine. Mmea huu wenye asili ya Amerika una mbegu nyembamba zenye vimiba vinavyoshika kitambaa na manyoya, na mahali wanapopita watu na mifugo ndipo unapojipanga. Shuka za merikani na kaniki zilizovaliwa njiani zilikuwa chombo kilichoufaa.

Linganisha mimea hii mitatu. Mwembe unategemea mtu anayetaka tunda lake, na unapandwa anapokaa. Kishonanguo kinategemea mtu asiyejua kama amekibeba, nacho huota anapopita. Kangaga halimtegemei mtu wala mnyama, na njia ya msafara haina maana yoyote kwake. Spora zimekuwa zikianguka juu ya Unyamwezi tangu kabla ya tembe la kwanza kujengwa. Ukichora ramani ya miembe utapata ramani ya biashara ya karne ya 19. Ukichora ramani ya makangaga ya mkoa huohuo utapata ramani ya maji na vivuli.

James Augustus Grant, aliyekuja na Speke katika safari ya pili na kukaa Kazeh miezi ya mwanzo ya 1861, alikusanya mimea njiani, na orodha ya makusanyo yake ilichapishwa na Linnean Society ya London kati ya 1872 na 1875. Tangu hapo kazi ya kuorodhesha mimea ya Afrika Mashariki iliendelea kwa vipande hadi mradi mkubwa wa Flora of Tropical East Africa, ulioanza kutoa vitabu mwaka 1952 na kukamilika 2012. Familia nyingi za makangaga ndani yake ziliandikwa na Bernard Verdcourt. Ukisoma maelezo ya makazi katika kazi za namna hiyo unaona maneno yaleyale yakirudi: nyufa za miamba, kingo za mito, kivuli, kinamasi. Umbali kutoka mahali pengine hautajwi kama sababu.

Majirani wanaorusha

Kangaga si mmea pekee wa Unyamwezi unaotumia ukavu kurusha. Anayepita kwenye miombo kuanzia Agosti hadi Oktoba husikia milio mikavu juani, kisha vitu vikidondoka kwenye majani makavu. Ni maganda ya mitundu na miti ya jamii yake. Kila ganda lina matabaka ya nyuzi zilizolala kwa kukingamana. Likikauka, kila tabaka hunywea kwa upande wake, na mvutano ukizidi ganda hupasuka, pande zake mbili hujisokota, na mbegu hutupwa. Kanuni ni ileile ya kangaga: unyevu unatoka, umbo linalazimishwa, nguvu inaachiwa mara moja. Tofauti ni uzito. Mbegu ya mtundu ni nzito kiasi cha kutojali hewa, hivyo hurushwa mita kadhaa, pengine ishirini hivi, na huo ndio mwisho wa safari yake. Haina upepo wa kukabidhiwa.

Mninga umechagua njia ya kati. Tunda lake la duara lina bawa jembamba pande zote na katikati limejaa miiba membamba. Hukaa mtini muda mrefu wa kiangazi likingoja upepo wenye nguvu, na likiangushwa hupeperuka umbali usio mkubwa.

Uyoga, ambao masika ya Tabora huuleta sokoni kwa vikapu, nao hutumia spora, lakini kwa kanuni iliyo kinyume. Spora ya uyoga wenye kofia hurushwa na tone dogo la maji linalojikusanya kwenye kitako chake na kuungana ghafla na maji yaliyo ubavuni. Bila unyevu tone halitokei. Kwa hiyo uyoga hurusha wakati wa mvua na kangaga hurusha mvua ikipumzika. Uyoga mwingi wa miomboni una faida nyingine: umeunganishwa na mizizi ya mitundu yenyewe, na spora ikitua popote penye mti unaofaa imekuta mwenyeji. Kangaga halina mwenyeji wa kulipokea.

Majirani hawa wanaonyesha mabadilishano yaliyopo kati ya umbali na akiba. Mbegu ya mtundu haiendi mbali lakini imebeba chakula cha kuulisha mche wake kwa wiki za mwanzo na kuusaidia kushusha mzizi chini kabla mvua haijakoma. Spora inakwenda popote kwa sababu haikubeba karibu chochote. Wepesi unaoipa safari ndio unaoiponza ikifika.

Ikishatua

Spora haioti kuwa kangaga. Ikipata unyevu na mwanga huota kuwa kitu kingine kabisa: kijani bapa kisichozidi sentimita moja, mara nyingi chenye umbo la moyo, unene wake tabaka moja la seli kwa sehemu kubwa, kisicho na mizizi ya kweli wala mishipa ya maji. Wataalamu hukiita gametofiti. Kinakaa juu ya udongo au jiwe lenye ukungu wa maji, na wapitaji wengi hukidhani ni kuvu au kigaga cha mwani.

Upande wake wa chini hutoa mayai na seli za kiume. Seli za kiume zina mikia, na zinaogelea. Zinahitaji maji ya kweli, utando wa maji usiokatika kutoka zilikotoka hadi kwenye yai. Yai likirutubishwa ndipo kangaga tunalolijua linapoanza kuchomoza, likiwa bado linalishwa na gametofiti hadi litoe mzizi na jani lake lenyewe.

Sasa pima masharti hayo kwa kalenda ya Tabora. Spora iliyorushwa Mei inatua kwenye vumbi. Itangoja hadi Novemba, kama ni ya aina yenye ganda gumu. Zile za kijani za baadhi ya makangaga ya misituni hufa mapema. Mvua ikianza itaota, lakini kati ya mvua moja na nyingine jua la Unyamwezi hukausha uso wa udongo kwa saa chache, na kijani chenye unene wa seli moja hakina pa kuficha maji yake. Kisha Aprili mvua zinakoma, na moto wa kuchoma nyasi unafuata. Gametofiti ina miezi mitano au sita ya kuota, kukua, kurutubishwa na kumzaa mrithi mwenye mizizi, tena mahali ambapo utando wa maji haukatiki.

Mahali hapo ni pachache. Upande wa jiwe usiopigwa na jua la mchana, ambako maji ya mvua hujipenyeza kwenye ufa na kukaa. Ukuta wa chokaa wenye unyevu chini ya daraja. Kisiki kilichooza kando ya kijito. Kitako cha jani la mchikichi kilichoshika mboji. Sentimita thelathini pembeni, spora zilezile zimeanguka kwa wingi uleule na zimekufa zote.

Kuna ugumu mwingine. Spora iliyosafiri mbali kwa kawaida hutua peke yake. Gametofiti moja inaweza kutoa mayai na seli za kiume kwa pamoja na kujirutubisha yenyewe, hivyo spora moja yatosha kuanzisha ukoo. Lakini zikiwa nyingi mahali pamoja, zilizotangulia hutoa kemikali inayowafanya majirani wadogo wawe wa kiume tu. Jambo hilo liligunduliwa na Mjerumani Walter Döpp mwaka 1950. Mmea umejipanga kwa hali zote mbili, ya upweke wa msafiri na ya msongamano wa nyumbani. Usichoweza kupangia ni kukosa maji.

Njia za kukwepa

Hapa ndipo makangaga ya nchi kavu yanapotofautiana na ya milimani, na tofauti zenyewe zinathibitisha hoja. Kama usafiri ungekuwa tatizo, tungetarajia kuona manati yenye nguvu zaidi au spora nyepesi zaidi. Kinachoonekana ni mabadiliko katika kukaa.

Njia ya kwanza ni kuondoa kuogelea. Makangaga mengi ya miambani, hasa ya jamii ya Pellaea na Cheilanthes, yameacha urutubishaji. Kangaga changa huchipuka moja kwa moja kutoka kwenye mwili wa gametofiti bila yai kukutana na seli ya kiume. Alama yake inaonekana hata kwenye kifuko: badala ya spora 64 huwa na 32, kubwa zaidi, kila moja ikiwa na urithi kamili wa mama. Mmea unapoteza mchanganyiko wa kizazi lakini unapata wiki kadhaa, na katika msimu mfupi wa mvua wiki kadhaa ni uhai.

Njia ya pili ni kufa bila kufa. Actiniopteris, kangaga dogo lenye majani yaliyotandazwa kama upepeo, hujikunja kiangazi kikianza, likawa bua la kijivu lisilotofautiana na nyasi iliyokauka. Mvua ikinyesha hujifungua na kurudi kijani. Kwa mmea uliokwisha kupata ufa mzuri wa jiwe, uwezo huu una maana kwamba bahati iliyopatikana mara moja haipotei. Mmea mmoja ukikaa miaka mingi, mamilioni ya spora zinazoshindwa kila mwaka hazina uzito mkubwa.

Njia ya tatu ni ya mbuga. Marsilea, kangaga la majini ambalo kila jani lake lina vipande vinne, huota kwenye madimbwi ya msimu ya Afrika Mashariki. Halina manati. Spora zake limezifungia ndani ya kidonge kigumu kinachoachwa kwenye tope dimbwi linapokauka. Kidonge hicho huweza kukaa miongo kadhaa, na hata sampuli za zamani zilizohifadhiwa kavu kwenye makabati ya makumbusho zimewahi kuota zilipokwaruzwa na kutiwa maji. Husafiri kwa mafuriko na kwa ndege wa majini. Ni kangaga lililobadilisha umbali kwa muda: badala ya kwenda mahali penye maji, linangoja maji yaje.

Njia ya nne imeachana na spora kabisa, nayo ni ya hatari. Salvinia molesta, kangaga linaloelea lililotoka Amerika Kusini, ni tasa. Vipande vyake hukatika na kila kipande huwa mmea mpya. Lilipopelekwa na watu lilifunika karibu kilomita za mraba 1,000 za ziwa Kariba mwanzoni mwa miaka ya 1960, na miaka hiyohiyo likaonekana Naivasha. Halikuweza kusafiri lenyewe hata kidogo, lakini lilipofikishwa mahali pasipokauka halikuzuilika. Ni kinyume kamili cha kangaga la mwambani Tabora, na yote mawili yanasema jambo moja.

Kinachostahili kulindwa

Mjadala wa mimea ya Tabora huenda haraka kwenye miti mikubwa, na kwa haki: tumbaku huhitaji kuni za kukaushia, mkaa huhitaji magogo, na asali haitoki kwenye kichaka kilichofyekwa. Makangaga hayamo kwenye hesabu ya mtu yeyote. Lakini yana taarifa ambayo mti hautoi. Mninga uliosimama leo ulishusha mizizi miaka mingi iliyopita, na unaweza kuendelea kusimama baada ya chemchemi ya karibu kukauka. Kangaga changa linalochomoza kwenye ukingo wa kijito ni ushahidi kwamba mahali hapo utando wa maji haukukatika kwa wiki kadhaa katika msimu huu, si wa miaka thelathini iliyopita.

Hilo linatoa kipimo rahisi kwa kamati za maji za vijiji na kwa maofisa misitu. Kivuli kikiondolewa juu ya chemchemi, makangaga yaliyokomaa yanaweza kuendelea kwa miaka kadhaa, lakini madogo hukoma kutokea. Kuhesabu machipukizi Februari na Machi, kwenye kingo zilezile kila mwaka, kunaweza kuonyesha mabadiliko ya unyevu kabla mtu hajaona kisima kikishuka. Hakuhitaji maabara, ila macho yaliyozoea kutazama chini.

Linatoa pia onyo kuhusu urejeshaji. Eneo la Malagarasi-Muyovozi, linalogusa mikoa ya Kigoma, Tabora na Shinyanga, liliingizwa mwaka 2000 kuwa la kwanza la Tanzania chini ya Mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu. Katika maeneo kama hayo, fikra ya kurudisha mimea kwa kuipanda huja haraka. Kwa mitundu na mininga, ambayo mbegu zake haziendi mbali, kupanda kuna maana, kwa sababu mti ukishatoweka kwenye eneo kubwa hauna njia ya kurudi wenyewe. Kwa makangaga kupanda ni kupoteza fedha. Spora tayari ziko hewani na kwenye udongo. Rudisha kivuli, zuia moto usipite kwenye kingo, acha maji yakae, na yatajitokeza bila kualikwa. Yasipojitokeza baada ya misimu kadhaa, tatizo halitakuwa ukosefu wa spora, na kuleta nyingine kutoka Uluguru hakutasaidia.